Hondohondo Mwenye Panzi Mdomoni: Namna ya Kurusha Droni Kitui na Makueni Bila Kuwadhuru Ndege

Panzi alikuwa bado anarusha mateke. Niliona hivyo usiku, nikiwa nyumbani, nilipokuwa nikitazama video niliyoipiga mchana ule karibu na Ikutha, kusini mwa Kitui. Ilikuwa Desemba, nyasi zingali mbichi. Nilikuwa nimeituliza droni yangu kando ya mbuyu mkubwa, umbali wa mita kumi na tano hivi, nikipiga picha za gome lake lililokunjamana kama ngozi ya tembo. Pembeni mwa picha, juu ya tawi kavu, alikuwepo hondohondo dume, yule mwenye mdomo mwekundu unaoishia kwa ncha ya rangi ya maziwa, amembana panzi. Hakumla. Alimgeuza mdomoni, akaitazama droni, akarukia tawi la pili, akarudi pale pale. Video ilikuwa ya dakika kumi na nane, na kwa dakika zote hizo hondohondo yule alikaa na panzi wake mdomoni.

Panzi hakuwa wake. Hondohondo wa Von der Decken, huyu wa nyika zetu za Ukambani, ana desturi ya pekee: jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo, kinyesi na masalia ya chakula, akabakiza ufa mwembamba tu. Humo ndani hunyonyoka manyoya ya mabawa. Hawezi kuruka hata akitolewa. Chakula chake na cha makinda wake ni kile tu ambacho dume anapenyeza kwenye ule ufa. Kwa hiyo mimi, kwa ajili ya picha za gome la mti, nilikuwa nimesimama kati ya mama aliyefungiwa na sahani yake, na sikujua. Hakuna ndege aliyepiga kelele. Hakuna aliyeishambulia droni, wala propela haikupata hata mkwaruzo. Ungeniuliza jioni ile ningekuambia nimerusha salama kabisa.

Wengi wetu tukisikia habari za droni na ndege tunamfikiria tai anayeshuka na kuikwanyua droni angani. Hutokea, na nitakuambia la kufanya. Lakini ukitaka kuurusha mtambo wako miaka mingi katika nyika hii bila majuto, anza kwa kujifunza kuona madhara yasiyopiga kelele.

Ushahidi upo. Mwaka 2015 watafiti nchini Ufaransa walichapisha matokeo ya majaribio 204 ya kuwakaribia bata, heroe na ndege wengine wa majini kwa droni ndogo. Katika asilimia 80 ya majaribio hayo waliweza kufika mita nne tu kutoka kwa ndege bila ndege kuonyesha dalili yoyote ya wazi. Rangi ya droni haikuleta tofauti, wala kasi. Kilicholeta tofauti ni pembe: droni iliyoshuka wima kutoka juu iliwashtua zaidi, huenda kwa sababu hivyo ndivyo adui anavyokuja. Ukiishia hapo utadhani mita nne zatosha. Mwaka huo huo, huko Minnesota, Marekani, watafiti waliwawekea dubu vifaa vya kupima mapigo ya moyo kisha wakarusha droni juu yao. Wengi hawakukimbia. Hata hivyo moyo wa dubu mmoja ulipanda kutoka mapigo 39 hadi 162 kwa dakika. Mnyama ametulia kama jiwe, ndani yake moyo unamwenda mbio. Tangu nilipoisoma habari hiyo siamini tena utulivu wa ndege aliye kwenye kiota.

Neno moja kuhusu lugha kabla hatujaenda mbali. Kiswahili kimewapa jina moja mwenye manyoya na mwenye injini. Wakamba huwatenganisha: nyunyi ni yule wa manyoya, ndeke ni ile ya abiria. Hapa nikisema ndege ninamaanisha nyunyi, na chombo chako nitakiita droni.

Sheria nitaipitia haraka, maana ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ndiyo inayosimamia droni kwa kanuni za mwaka 2020. Kuiingiza nchini kunahitaji kibali, na kuimiliki kunahitaji usajili. Usipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhini. Droni isitoke machoni pako, na macho ni haya uliyozaliwa nayo, skrini haihesabiki. Kaa mbali na viwanja vya ndege, hata vile vidogo unavyodhani havitumiki. Wa Makueni wakumbuke kwamba wamezungukwa na hifadhi: Chyulu iko upande mmoja, Tsavo Magharibi na Tsavo Mashariki zinaanzia Mtito Andei. Wa Kitui wana hifadhi ya Kitui Kusini, inayopakana na Tsavo Mashariki, na ile ya Mwingi kaskazini. Ndani ya hifadhi hurushi bila ruhusa, na kwa mbuga za kitaifa ruhusa hiyo hutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Usisimame nje ya mpaka ukaituma droni ndani ukidhani umeikwepa sheria. Tena muombe ruhusa mwenye shamba, na umpigie hodi mzee wa kijiji. Mzee anajua tai anakaa jabali gani kuliko ramani yoyote utakayoipata kwenye simu.

Tuje kwenye majabali, maana ndiyo yanayomvuta kila mwenye droni mpya. Nzambani, nje kidogo ya mji wa Kitui, lile jiwe ambalo simulizi husema ukilizunguka mara saba unageuka jinsia. Nzaui kule Makueni. Vilima vya mawe vya Mutomo, Endau na Nuu. Yanapendeza mno kutoka juu. Yanampendeza pia tai mweusi wa Verreaux, mwenye alama nyeupe ya V mgongoni, ambaye chakula chake kikubwa ni pimbi. Ukiona pimbi wengi wanaota jua juu ya jabali, jua kwamba kuna mtu mwingine anayewatazama.

Hesabu ya uzazi wa tai huyu inatisha. Jike hutaga mayai mawili kwa kawaida, na kinda wa kwanza karibu kila mara humuua mdogo wake. Anabaki mmoja. Yai hulaliwa kwa takriban siku 45, kisha kinda hukaa kiotani miezi mitatu hivi. Tai mkubwa wa nyika mwenye tumbo la madoa, yule anayeitwa martial kwa Kiingereza, ni mgumu zaidi: hutaga yai moja, na mara nyingi huzaa mwaka mmoja na kuuruka unaofuata. Mama akishtushwa akaondoka, yai likapigwa na jua la Kitui la saa saba mchana au kunguru akafika kabla yake, imepotea kazi ya mwaka mmoja au miwili ya jozi nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za barabarani za miaka ya 1970 na za miaka ya karibuni, ulionyesha kwamba ndege wengi wawindaji wa Kenya wamepungua sana. Hatuna tai wa kufanyia majaribio.

Kipimo changu mwenyewe ni hiki: jabali lenye kuta za wima na michirizi myeupe ya kinyesi chini ya ufa au ukingo, silikaribii chini ya mita 300, na sirushi kamwe usawa wa ukuta. Michirizi ile ndiyo anwani ya kiota. Ukiiona kwa darubini kabla hujafungua mkoba wa droni, tembea ukatafute upande mwingine wa kilima. Kwa ndege wa kawaida walio mtini au majini, mita 100 ni mwanzo mzuri. Mti wenye viota vingi vya minana usiukaribie kabisa wakati wa mvua.

Saa ya kurusha ina uzito kuliko aina ya droni. Tai, mwewe, tumbusi na korongo hawapendi kupiga mabawa bure. Hungoja ardhi ipate moto, hewa ianze kupanda, ndipo waipande hewa hiyo kama ngazi. Katika nyika yetu ngazi hiyo hufunguka kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, mapema zaidi miezi ya joto. Ukiona vumbi linazunguka njiani kama pia, au mfuko wa plastiki unapaa wenyewe bila upepo, ngazi iko wazi na wenye mabawa wako juu yake. Kwa hiyo ondoka mapema. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi hewa imetulia, mwanga ni laini, betri haichemki, na wawindaji wengi bado wanaota jua matawini. Epuka visima vya maji na mabwawa ya mchanga saa hizo, kwa sababu ndege hushuka kunywa, na katika ukame kunywa mara moja kukikosekana siku inakuwa ndefu. Jioni hewa hutulia tena, lakini ndege wanarudi kulala, makundi kwa makundi, na watakukuta njiani.

Miezi nayo ina mambo yake. Mvua ya Ukambani inayotegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Hapo minana hufuma viota, hondohondo hujifungia, na kutoka Ulaya na Asia hufika wageni kwa maelfu. Mmoja wao ni kozi wa Amur, mdogo kuliko njiwa kwa uzito, anayetoka mashariki ya mbali ya Asia, akavuka Bahari ya Hindi, akapita juu yetu Novemba na Desemba akielekea kusini mwa Afrika. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu wa miezi hiyo hiyo, wanaojitolea wamekuwa wakiwavisha pete ndege wahamao tangu mwaka 1969.

Na kuna siku moja usiyopaswa kurusha kwa hali yoyote: siku kumbikumbi wanapotoka. Umekua Kitui, unaijua. Mvua imenyesha usiku, asubuhi jua limechoma kidogo, na kutoka kila kichuguu unapanda moshi wa mabawa. Watoto wanakimbia na sufuria. Juu yao wako kozi, mwewe, mbayuwayu, kwezi, hata tai ambao siku nyingine wangedharau mlo mdogo namna hiyo. Anga imejaa kutoka kimo cha kichwa chako hadi usipoweza kuona. Acha droni mkobani, chukua darubini.

Ukishachagua mahali na saa, kaa chini. Robo saa nzima, bila kuwasha kitu. Hii ndiyo sehemu ambayo vijana hunilalamikia, na ndiyo siwezi kuipunguza hata dakika moja. Tazama juu kwanza, polepole, kama unayetafuta mwezi mwandamo: kuna anayezunguka? Tazama vilele vya miti mikavu: kuna aliyetua wima, kimya, kifua mbele? Tazama ndege wanaopita na kitu mdomoni. Nyasi mdomoni ni ujenzi, mdudu mdomoni ni makinda, na wote wawili watakuelekeza kwenye kiota ukiwafuata kwa macho. Kama ningeikaa robo saa hiyo pale Ikutha, hondohondo angenionyesha mlango wake mara mbili au tatu.

Kisha sikiliza kuku. Ukiwa karibu na boma, hakuna mlinzi aliye bora kuliko mama kuku mwenye vifaranga. Ana sauti moja ya kuita kwenye punje na nyingine kabisa ya mwewe, ndefu na ya kukwaruza, na akiitoa vifaranga hupotea chini ya mabawa au chini ya ghala. Akiitoa kabla hujarusha, mwewe yupo ingawa wewe humuoni. Akiitoa baada ya kurusha, mwewe ni wewe. Ondoka juu ya boma hilo.

Sasa paa. Nenda na mwenzako ambaye kazi yake ni kutazama anga tu, asiguse simu, kwa sababu rubani akiinamia skrini ni sawa na aliyefunga macho. Tandika gunia au mkeka mahali pa kupaa, vumbi la nyika huua mota. Panda wima ukiwa mbali na miti, kisha ukishafika kimo chako songa mlalo na taratibu. Usishuke juu ya ndege, ule utafiti wa Ufaransa umeshatuambia kwa nini. Usimfuate ndege anayeruka, hata sekunde kumi, hata kama picha inakuja nzuri ajabu: anayefuatwa anatumia nguvu aliyoiweka kwa ajili ya makinda. Bakiza asilimia 30 ya betri bila kuigusa. Kitufe cha kuirudisha droni nyumbani kipangie kimo kinachopita mbuyu na jabali lililo karibu, na ukumbuke kwamba betri ikikaribia kuisha droni itapanda wima yenyewe hadi kimo hicho bila kuuliza nani anazunguka pale juu. Kwa hiyo irudishe kwa mkono mapema, kabla haijaamua yenyewe.

Dalili za kukuambia inatosha ni hizi: ndege mmoja anaanza kukuzunguka, kunguru wawili wanakuja moja kwa moja wakipiga kelele, kundi lililokuwa kimya linainuka lote, aliyekuwa ametua anainamisha mwili na kufungua mabawa nusu. Usingoje dalili ya pili.

Na tai akija kweli? Mwindaji hushambulia kwa kushuka. Nguvu yake yote iko kwenye uzito wake na mteremko. Kukimbia mlalo kwa kasi ni kumwambia wewe ni windo. Akiwa chini yako au usawa wako, panda wima mara moja kwa kasi yote, bila kuvuka kimo cha sheria. Yeye kupanda wima hawezi, inambidi azunguke, na hapo unapata nafasi. Kisha songa kuelekea kwako, mbali na jabali au mti alikotokea, kwa sababu anachotaka ni uondoke katika himaya yake. Akishageuka, shuka polepole. Akiwa tayari yuko juu yako na anakunja mabawa, kupanda ni kumfuata mdomoni: songa kando kwa mkato, tua mahali pa wazi palipo karibu nawe, hata kama ni mbali na mkeka wako, hata kama ni mchangani. Mota huoshwa. Propela inayozunguka ikikutana na mguu wa tai humkata vidole, na tai asiye na vidole hawezi kuwinda, atakufa kwa njaa wiki mbili baadaye mahali ambapo wewe hutamuona.

Droni ikianguka kwenye mti wenye kiota, iache hadi makinda watoke. Najua bei yake. Huko California, katika hifadhi ya Bolsa Chica, mwezi Mei 2021, droni moja ilianguka katikati ya ndege wa pwani waliokuwa wakitamia, nao wakakimbia maelfu kwa maelfu wakaacha mayai zaidi ya 1,500 mchangani. Aliyeirusha alipoteza droni moja.

Wakulima wa mtama na mawele huniuliza kuhusu kwelea kwelea, na swali lao ni la haki. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la 100,000 linamaliza tani nzima. Zamani watoto walishinda juu ya dungu na teo na debe, leo wako shuleni. Mzee mmoja wa upande wa Mutomo aliniambia, "Mwanangu, hiyo yako haichoki wala haiendi shule, niachie msimu huu." Droni inaweza kusaidia siku chache, punje zikiwa bado na maziwa, ukirusha pembeni mwa shamba na kuwasukuma kuelekea msituni. Ila wanaizoea upesi, na ukiwafukuza kwako bila kuelewana na jirani umemhamishia njaa. Usiingie ndani ya kundi: propela itapiga kumi kwa mpigo na droni itaanguka. Wala usiende wanakolala jioni, maana huko kila kwelea ana kozi anayemsubiri. Serikali ikija kunyunyiza dawa, kaa mbali kabisa, na kwa siku kadhaa zinazofuata usiokote wala kuruhusu watoto waokote ndege waliokufa. Dawa inayotumika, fenthioni, haimuachi anayekula mzoga.

Ukimkuta ndege ameumia, awe ni kwa droni yako au la, mfunike kwa kitambaa au leso, kichwa kikiwemo, giza humtuliza. Mwindaji umshike miguu kwanza, kucha ndizo silaha, mdomo baadaye. Mtie katika katoni yenye matundu, mahali penye kivuli na kimya. Usimlazimishe maji wala nyama. Piga simu kwa KWS au umpeleke kituo chao kilicho karibu. Picha za kiota usiziweke mtandaoni pamoja na jina la mahali. Wapo wanaowinda tai kwa ajili ya kuku wao, na bundi kwa ajili ya hofu, na wote wana simu.

Baada ya kutua usiondoke. Zima, kunja, keti tena pale ulipokaa mwanzo, na uangalie kama maisha yamerudi yalivyokuwa. Mimi nilirudi Ikutha siku tatu baadaye, bila droni, na chupa ya maji na darubini tu, nikakaa chini ya mgunga mita sitini kutoka kwenye ule mbuyu. Dume alifika baada ya dakika nne. Alikuwa na mjusi mdogo. Alitua kwenye tawi lile lile kavu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akarukia shina. Kwenye ufa, ambao siku ile nilidhani ni kovu la mti, ikatokea ncha ya mdomo mweusi, ikaupokea mkia wa mjusi, ikauvuta ndani.